Kaskazi Tuliyopamba Nyumba

Nilifurahi. Nianze na hilo, maana nikilificha hapa mwanzo nitalazimika kulificha mpaka mwisho, nami nimechoka kuficha. Kaskazi ile, msimu wa jua kali, tuliyopamba nyumba ya baba pale Makorora, Tanga, mimi na kaka yangu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho wa kike, ndiyo miezi niliyocheka kuliko miezi mingine yote ya utu uzima wangu. Tulipaka rangi, tukachimba, tukamwagilia, tukala machungwa ya Muheza tumekaa juu ya ndoo za rangi zilizokwisha. Na miezi hiyo yote mke wa baba alikuwa ndani, chumba cha uani, amekaa eda.

Kwa asiyejua mambo yetu: mume akifa, mke hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai vya kupendeza, hajipaki manukato, hajifukizi udi, hatoki ila kwa dharura. Siku zikitimia anaoga, anavaa nguo mpya, wanawake wa mtaa wanakuja kumtoa, dua inasomwa, watu wanakula. Baba alifariki mvua za vuli zikiwa ukingoni, kwa hiyo mkewe angetoka eda masika yanapoanza. Sisi tulikuwa tumeshaamua kwamba siku hiyo hiyo angetoka na nyumbani.

Hakuwa mama yetu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na mitano, na kabla ya mwaka kwisha baba akaenda Moa, akarudi na mwanamke mwembamba mwenye sanduku moja la bati na kopo la maziwa lililojaa udongo. Ndani ya kopo mlikuwa na kijiti cha asumini alichokikata nyumbani kwa mama yake. Alikipanda chini ya dirisha la uani hata kabla hajafungua sanduku. Mbele yake tulimwita mama mdogo, kama adabu inavyotaka. Tukiwa peke yetu tulimwita "mgeni", na tulimwita hivyo miaka ishirini na miwili. Alimlea mdogo wetu tangu hajui kujifunga vifungo vya sare, alimuuguza baba mpaka akamfumba macho kwa mkono wake, na bado sisi tukiandikiana kwenye simu tuliulizana: mgeni kapika nini leo?

Ningependa kusema alikuwa mama wa kambo wa kwenye hadithi, wa kunyima watoto chakula. Hakuwa. Alikuwa mkimya, mkavu kidogo, hana mzaha. Kosa lake kubwa ni kwamba mchuzi wake wa nazi ulikuwa mtamu kuliko wa mama, na baba alilisema hilo mezani mbele yetu. Yeye sikumsamehe. Baba nilimsamehe siku ile ile.

Na baba alituusia. Siku chache kabla hajafa, kitandani hospitali, alinishika mkono mimi na kaka, akasema, "Msimtoe. Hakujaaliwa mtoto, na kwao wamebaki watu wa kuhesabu. Chumba kile ni chake mpaka afe." Kaka akajibu, "Inshallah, baba." Nami nikasema, "Inshallah." Tulipotoka, mlango haujafunga sawasawa, kaka akaninong'oneza, "Inshallah si ahadi." Nikacheka. Baba alikuwa hatua nne kutoka tuliposimama, na sijui kama alisikia.

Kila mmoja wetu alikuwa na sababu. Kaka anaishi Dar es Salaam, na alitaka nyumba ya kuja kupumzikia na wanawe. Mdogo wetu alikuwa anafundisha shule Muheza, hana kwake. Mimi nilikuwa nimeachika mwaka uliotangulia, nimepanga chumba kimoja Chumbageni, najibana na masufuria yangu. Niliitaka nyumba ile kuliko wote. Nilitaka kufungua mlango nisikute mtu.

Mpango ulikuwa wa kaka. "Hatumfukuzi mtu," alisema siku ya tatu ya msiba, tumekaa barazani. "Kumfukuza mjane ni aibu. Sisi tunapamba tu. Kila chumba kikishapata mwenyewe, mgeni atajiona mwenyewe kwamba hana nafasi." Kisha akaongeza, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu miaka ishirini na miwili hatujampa." Tulicheka mpaka mdogo wetu akaziba mdomo kwa mtandio, asisikike ndani.

Basi tukapamba. Sebule tuliipaka rangi ya maziwa, chumba cha kaka samawati, cha mdogo wetu rangi ya embe bichi, changu waridi. Chumba cha uani hatukukigusa. Kaka alikuja likizo ya mwisho wa mwaka, na baada ya hapo akawa anakuja kila akipata nafasi, jambo ambalo baba alikuwa akimwomba miaka mingi bila mafanikio. Mdogo wetu alishona mapazia kwa cherehani ya mama, akayakosea kipimo, yakaishia magotini. Tukayapandisha hivyo hivyo tukayaita kaptula. Siku moja kaka alipanda ngazi akaanza kuimba nyimbo tulizokuwa tukiimba madrasa, nami nikamrushia brashi kichwani makusudi, akanifukuza uani kote na nywele nyeupe kwa rangi. Wanawake wawili wa jirani walisimama ukutani wakitutazama na kutabasamu. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na nilikimbia kama mtoto.

Kila asubuhi, kabla ya kushika brashi, tulipita dirishani kwake mmoja mmoja. "Shikamoo, mama mdogo." "Marahaba, wanangu. Mmeamkaje?" Shikamoo haikukatika hata siku moja. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia ukatili hufikiria matusi. Sisi hatukumtukana.

Yeye alikaa nyuma ya pazia na wavu wa mbu, choo na maji vikiwa humo humo ndani, tunaona kivuli tu. Wanawake walimtembelea jioni, wakikaa naye kidogo. Mchana kutwa alikuwa na sisi, maana hakuwa na la kufanya ila kutusikiliza. Akaanza kutupa ushauri wa bustani. Mwanzoni ulinikera. Kaka alikuwa amepita Amani, akarudi na miche ya milimani kwenye viroba, majani mapana mazuri, tukaipanda jua la kaskazi linachoma kisogo. Sauti ikatoka dirishani.

"Mwanangu, hiyo ya baridi haitaishi huku pwani. Na kaskazi hapapandwi kitu. Ngojeni masika."

"Tutamwagilia, mama mdogo," nikasema, huku nimemkunjia uso kaka.

"Haya. Basi tafuteni makumbi ya nazi, myaloweke, myafukie shinani. Yanashika maji. Na mmwagilie baada ya alasiri, si saa hizi. Mtaipika."

Miche ya Amani ilikufa yote ndani ya wiki mbili. Tukafanya alivyosema kwa mirehani, miwaridi na mlangilangi tulioununua barabarani. Tulifukia makumbi, tukaezeka vijumba vya makuti juu ya miche, tukamwagilia jioni. Ikashika. Katikati ya kaskazi, wakati nyua zote za mtaa ule ni vumbi, sisi tulikuwa na kijani. Watu walisimama njiani kutazama. Wakitusifu, tulisema, "Ni kujituma tu."

Akaja na jambo jingine. Aliniita dirishani, akaniuliza, "Sebule mmeipaka rangi gani?"

"Ya maziwa."

"Na mapazia?"

"Kahawia, yenye maua."

"Ninunulie uzi wa kufumia, mwanangu. Wa maziwa na wa kahawia. Mikono inaniwasha kwa kukaa bure."

Nilimnunulia uzi wa bei ya chini kabisa pale sokoni, ule unaochuja rangi, nikamwambia ndio uliokuwepo. Hakuulizia. Tangu siku hiyo tukimsalimia tuliona kivuli cha mikono kikienda juu na chini. Kaka alisema, "Anajifumia kamba ya kufungia sanduku." Nilicheka na hilo pia.

Mdogo wetu ndiye aliyeanza kulegea. Jioni moja tunapiga msasa meza ya mama, akaweka msasa chini. "Tumwambie," alisema. "Angalau ajue mapema. Aandike kwao, wamtayarishie mahali."

"Nani kakuambia uwe wakili wake?"

"Alinisuka nywele miaka yote ya shule, dada. Wewe ulikuwa umeshaolewa."

Nilimjibu kwa maneno ambayo niliyachagua kwa makini, kwa sababu nilijua wapi panauma. Nilimwambia, "Wewe mama humkumbuki hata sura, ndiyo maana kila anayekushika kichwa unamwita mama." Alichukua msasa akaendelea na kazi, na mpaka meza inakwisha hakunitazama. Nilijua nimeshinda, na nilifurahi kushinda.

Iliyobaki ni asumini. Kile kijiti cha kopo la maziwa kilikuwa sasa kichaka kinachofika juu ya dirisha. Jioni kilifumua maua, uani kote kukanukia, na kwa miaka yote wanawake wa mtaa wakiwa na harusi walikuja kumwomba maua ya kutungia vikuba, vile vishada vya kujipambia. Mahali pale kaka alipataka pa kujenga benchi la saruji, tukae jioni na kahawa. Hilo ndilo alilolisema kaka. Mimi nilikuwa na langu. Nilitaka kuking'oa kwa mkono wangu kwa sababu mama yetu hakuwa ameacha mti hata mmoja nyumba ile.

Ila lazima niseme kitu dirishani. Nikatafuta neno la dini.

"Shikamoo, mama mdogo. Tunaona huu mti utakutia makosani. Wewe uko eda, na harufu nzuri hairuhusiwi."

Halafu nikamsikia akicheka kwa sauti ya chini, jambo la nadra kwake. "Mwanangu we, kilichokatazwa ni mimi kujipaka. Mti haujui habari za eda. Na ua hata silishiki, linanukia lenyewe huko nje."

"Hata hivyo, ni bora tahadhari."

Akafikiri. "Haya, kama moyo wako hautulii. Lakini usiukate, uuhamishe. Uchimbe mbali na shina, utoke na udongo wake. Uupeleke upande wa bombani, kuna kivuli. Utafanya hivyo?"

"Ndiyo, mama mdogo."

Niliukata kwa panga alasiri ile ile, kisha nikang'oa mizizi kwa jembe. Ulikuwa mgumu. Kila nikipiga, kivuli cha ile mikono kilisimama kidogo, kikaendelea. Mara moja aliniita, "Taratibu mwanangu, usijiumize mgongo!" Tulizirundika taka nyuma ya choo, na siku ya tatu kaka akazichoma moto. Benchi likajengwa. Tulikunywa kahawa hapo kila jioni tuliyokutana, migongo yetu ikiwa chini ya dirisha lake, tukigawana vyumba kwa sauti ya kunong'ona.

Siku ilipofika aliamka alfajiri, giza bado, akaenda kuoga na kuvalishwa kwa jirani mmoja mzee. Alioga muda mrefu, na muda huo ulinitosha kabisa. Niliingia chumbani kwake na kutia vitu vyake kwenye lile sanduku la bati. Vilikuwa vichache kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na fungu limefungwa kwa kanga juu ya mto, nikaona ni nguo, nikaliacha alishike mkononi. Sanduku nililitoa nikaliweka karibu na benchi, nje. Tulikubaliana kaka angemwambia wageni wakishaondoka.

Wanawake walifika baada ya adhuhuri. Pilau lilikuwa limeiva, udi unafuka. Akatoka kwa yule jirani mzee amevaa dera jipya la rangi ya maziwa, hina haijakauka vizuri. Miezi minne gizani ilikuwa imemfanya mweupe na mdogo. Hakuketi. Alikwenda sebuleni moja kwa moja, akaweka kiganja ukutani, akakipitisha polepole mpaka kwenye pazia. Akaliinua pazia lile fupi, akaangua kicheko.

"Tazameni," akawaambia wanawake. "Tazameni wanangu walivyonipambia nyumba. Miezi minne hawakupumzika. Kila siku nawasikia, huyu anaimba, huyu anakimbizwa. Nilikuwa nakaa kimya nisiwaharibie."

Yule jirani mzee akaanza kulia. "Ametuambia tangu mwezi wa kwanza wa eda," akatugeukia. "Kila anayekuja kumtazama anamwambia: mimi sikuzaa, lakini nitatoka eda niingie nyumba ya kupambwa na watoto wangu. Mungu awalipe, wanangu. Mungu awape wa kuwafanyia kama mlivyomfanyia mama yenu."

"Amin," wakasema wanawake wote.

"Amin," tukasema. Mimi nilisema kwa sauti kubwa.

Niwaeleze jinsi ilivyokuwa, maana nimeifikiria sana. Sisi tulidhani tunamficha jambo. Kumbe alisikia kila kitu, kila jembe, kila ngazi, kila kicheko, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumfanyia hivyo, aliamini ni vyake. Mtaa mzima uliamini. Wale wanawake waliosimama ukutani wakitabasamu, walikuwa wakimtabasamia yeye.

Akatoka uani. Nilimfuata peke yangu, nikawazuia wengine kwa kisingizio cha kupakua chakula. Alitazama kwanza upande wa bombani, kwenye kivuli, kwa sababu ndiko alikoniagiza. Hapakuwa na kitu. Akatazama chini ya dirisha lake, akaliona benchi.

"Umeuhamishia wapi?"

"Ulikufa, mama mdogo."

Akaitika kwa kichwa. Ndipo akaliona sanduku. Kwa haraka yangu nilikuwa nimelifunga vibaya, ncha ya ushungi wake imebanwa na kifuniko, inaning'inia nje. Alilitazama, kisha akaitazama nyumba, dirisha moja baada ya jingine, rangi moja baada ya nyingine, akifika kwake ambako hapakupakwa. Aliinama akaichomeka ile ncha ya ushungi ndani, vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto. Alipoinuka hakulia. Ningependa angelia.

"Nilikuwa nikiwasikia mnavyocheka," akasema, "nikidhani na mimi nimo."

Akarudi ndani akakaa na wanawake, akala nao, akawashukuru, akawasindikiza mpaka mlangoni, asituaibishe. Wa mwisho alipotoka kaka akakohoa, akaanza, "Mama mdogo, unajua hali ilivyo..."

"Usijisumbue, mwanangu. Nimeliona sanduku."

Aliomba bodaboda impeleke stendi, akawahi gari la kuelekea kwao Moa. Mdogo wetu alimshika mkono akataka kwenda naye, akamkataza. Siku hizi mdogo wetu huenda Moa kila likizo, na Makorora haji. Kaka amekuja mara mbili tangu hapo, mara zote kwa haraka. Chumba cha samawati nimekifunga, cha rangi ya embe bichi nimeweka mahindi. Nafungua mlango na sikuti mtu, kama nilivyotaka. Bustani ipo, makumbi yake yanafanya kazi mpaka leo. Nimejaribu kuwaita tupake rangi upya, kila mmoja ana udhuru. Sasa najua kwamba hatukuwa tukipendana kaskazi ile. Tulikuwa na mtu mmoja wa kumfanyia ubaya, na hilo lilitosha kutukalisha pamoja.

Kabla hajaondoka alifungua lile fungu la kanga. Vilikuwa vitambaa vya viti, vya kufuma, maziwa na kahawia, vinalingana na ukuta na pazia ambavyo alikuwa hajaviona. Sebuleni tuna viti vinne vya mninga alivyoviacha baba. Alivitandika kimoja kimoja, akivinyoosha pembe: cha kaka, changu, cha mdogo wetu. Kitambaa cha nne alikishika kidogo mkononi, akakikunja, akakitia chini ya kwapa, akatoka.

Vitatu bado ninavyo. Uzi ule mbaya umechuja, kahawia imeingia kwenye maziwa. Kiti cha nne hakina kitu. Nimezunguka maduka yote ya Tanga kutafuta kitambaa cha kufanana navyo, sijapata.